Shangazi, mwanangu anaandaliwa vita?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, anaishi na mama yake mdogo Ohio, Marekani, na ukaazi wa kudumu anao. Juzi katuma picha ya wenzake wamevaa sare za kijeshi. Anataka kujiunga nao, kundi la kujitolea la Jeshi la Anga liitwalo Civil Air Patrol. Baba yake kaja juu, anasema mtoto anaandaliwa vita. Nimruhusu?
– Mama mwenye wasiwasi, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijarudi hapa Tanga niliishi Marekani miaka mingi, na huko nilijitolea katika Civil Air Patrol, upande wa redio. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Haandaliwi vita. Wale ni raia: walimu, mafundi, wastaafu. Kundi lilianzishwa tarehe 1 Desemba 1941, siku chache kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia Vita Kuu ya Pili, na kweli wakati ule marubani wa kiraia waliruka na ndege zao ndogo kusaka nyambizi za Wajerumani baharini. Hayo yaliisha mwaka 1943, hata kabla vita ile haijaisha. Tangu 1948 sheria inalitambua kama msaidizi wa Jeshi la Anga, na kazi zake ni kutafuta ndege zilizopotea, kusaidia kwenye maafa na kulea vijana. Kiapo cha kadeti, yaani kijana mwanachama, kipo, ila anaahidi kuhudhuria, kutii viongozi, kuvaa sare inavyotakiwa na kujiendeleza kimasomo. Hafungwi na mkataba wowote wa jeshi. Akichoka, anaaga.

Ngoja nikueleze watoto wale wanafundishwa nini, maana picha ya sare haisemi. Ndege ikianguka, kuna kifaa ndani kinachorusha mawimbi ya redio. Kadeti anashika kipokezi cha mawimbi hayo kifuani, anajizungusha polepole pale alipo huku akisikiliza. Mwili wake unaziba mawimbi, kwa hiyo sauti inapofifia kabisa, chanzo kiko nyuma ya mgongo wake. Nilimwona binti mdogo akituongoza hivyo gizani hadi kwenye banda la ndege. Kifaa kilikuwa kimejiwasha ndani ya ndege iliyoegeshwa. Mara nyingi huwa hivyo, hakuna aliyeumia, lakini lazima mtu aende akahakikishe. Binti yule alikuwa akitetemeka kwa baridi na hakutaka kumpa mtu mwingine kipokezi. Mtoto wa namna hiyo nilimheshimu sana, na bado namheshimu.

Ndege atapanda, tena bure: kuna safari za mafunzo kwa kadeti, na rubani humwachia ashike usukani kidogo wakiwa juu. Usiogope hilo.

Usalama wake chini ndio wa kuuliza zaidi. Watu wazima wanaojiunga huchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa, na shughuli za kadeti zinatakiwa kuwa na watu wazima wasiopungua wawili. Mdogo wako akakae kwenye mkutano wa jioni, aone kama sharti hilo linafuatwa. Aulize pia ada ya mwaka na gharama za sare.

Baba yake naye ampigie mtoto simu kabla fomu haijasainiwa, amsikilize mwenyewe.