Jibu: \dt inaleta majedwali ya skima moja tu, mengine yameenda wapi?

Mkuu mleta uzi, pole na presha. Kwa wanaoingia sasa: jamaa ana kanzidata moja ya PostgreSQL ya maduka ya dawa yenye matawi matatu, kila tawi na skima yake (fungu la majedwali lenye jina lake ndani ya kanzidata): ilala, temeke na kinondoni. Majedwali yana majina yaleyale kote: bidhaa, mauzo, wateja. Akiandika \dt, yaani amri ya kuorodhesha majedwali ndani ya psql (programu ya kuiandikia Postgres amri), anapata yaliyomo public tu, ile skima ya kawaida ya Postgres. Mdau mmoja juu hapo akamshauri aweke skima zote kwenye search_path (orodha ya skima ambazo Postgres inazipekua kwa zamu), naye akaandika:

SET search_path TO ilala, temeke, kinondoni, public;

Sasa \dt inaleta ya ilala na public, na anaogopa data za Temeke na Kinondoni zimefutika.

Hazijafutika. \dt tupu haikuorodheshei kila kilichomo. Inakuonyesha majedwali ambayo ungeweza kuyaita muda huu kwa jina pekee, bila kutanguliza jina la skima. Ukiandika SELECT * FROM mauzo, Postgres inapita search_path kuanzia mwanzo na kushika mauzo ya kwanza inayokutana nayo. Ni kama kuita "Asha!" kwenye nyumba ya kupanga yenye akina Asha watatu: anaitika wa chumba cha mbele, wale wengine wapo vyumbani mwao, hawajahama. Ndiyo maana ushauri wa search_path haukukusaidia. Ungefaa kama majina yangekuwa tofauti, lakini kwako yanafanana, kwa hiyo ilala iliyotangulia inazifunika zilizo nyuma yake.

Usiniamini kwa maneno matupu. Andika hivi ndani ya psql:

\set ECHO_HIDDEN on
\dt

Utaona kweri (swali la SQL) yenyewe ambayo psql inaituma kwa seva. Humo utakuta sharti la pg_table_is_visible. Hilo ndilo linaloyachuja majedwali yako. Hii ECHO_HIDDEN nampa kila kijana anayeanza kazi hii, maana inafundisha katalogi ya Postgres (majedwali ya ndani ambamo Postgres inaandika kila ilichonacho) kuliko kozi nyingi za kulipia.

Dawa ya haraka ni kutaja skima kwenye amri, kwa sababu ukishaitaja, sharti lile la kuonekana linaondoka:

\dt temeke.*
\dt (ilala|temeke|kinondoni).*
\dt *.mauzo

Ya pili inaleta matawi yote matatu kwa mpigo. Ya tatu inakuonyesha kila mauzo iliyopo, popote ilipo. Epuka \dt *.* kama hupendi kuchambua, maana inakumwagia na majedwali ya mfumo ya pg_catalog. Na kama hujui hata skima zilizopo ni zipi, anza na \dn, inayoziorodhesha.

Hayo yanatosha kwa kutazama kwa macho. Lakini umesema orodha hii unaitaka ili uhamishe kanzidata kwenda seva mpya, na hapo ndipo ningependa utulie kidogo.

Wengi humu watakuambia utumie information_schema.tables, orodha ya majedwali unayoisoma kwa SELECT. Ni nzuri, ni ya kiwango cha SQL, na inafanya kazi kwenye MySQL na SQL Server pia. Ila kwenye Postgres inakuonyesha tu majedwali ambayo wewe uliyeingia unayamiliki au umepewa ruhusa fulani juu yake. Usichoruhusiwa hakitokei kabisa, wala hakuna onyo lolote. Niliwahi kuitwa kusaidia kampuni moja ya usambazaji baada ya uhamisho wa namna hii. Fundi aliyetangulia alitoa orodha kwa akaunti ya ripoti, akahamisha kila kilichomo kwenye orodha, akahesabu, hesabu ikakubali. Akaunti ile haikuwa na ruhusa yoyote kwenye skima ya mishahara. Mhasibu ndiye aliyegundua, mwisho wa mwezi, alipofungua programu na kukuta hakuna hata jedwali moja. Bahati seva ya zamani ilikuwa bado haijafutwa. Hesabu ilikubali kwa sababu orodha na nakala zote zilitoka kwenye macho yaleyale yasiyoona.

Kinyume chake pia kipo: unaweza kupewa ruhusa ya SELECT kwenye jedwali bila kupewa USAGE (ruhusa ya kuingia) ya skima yake. Litatokea kwenye information_schema, na ukilisoma utakataliwa.

Kwa kazi ya kuhamisha, uliza katalogi yenyewe, ambayo haichuji kwa ruhusa:

SELECT n.nspname AS skima, c.relname AS jedwali,
       pg_get_userbyid(c.relowner) AS mmiliki
FROM pg_class c
JOIN pg_namespace n ON n.oid = c.relnamespace
WHERE c.relkind IN ('r','p')
  AND NOT c.relispartition
  AND n.nspname <> 'information_schema'
  AND n.nspname !~ '^pg_'
ORDER BY 1, 2;

Herufi r ni jedwali la kawaida, p ni jedwali lililogawanywa vipande. Sharti la relispartition (toleo la 10 na kuendelea) linazuia vipande vyenyewe visijae kwenye orodha. Ukitaka pia zile zinazoundwa kwa CREATE VIEW ongeza 'v', na za MATERIALIZED VIEW ongeza 'm'. Hizi za m hazimo kabisa kwenye information_schema.tables, hata ukiingia kama postgres. Nimetumia !~ '^pg_' badala ya NOT LIKE 'pg_%' kwa makusudi: kwenye LIKE mstari wa chini unasimama badala ya herufi yoyote, hivyo skima uliyoiita pgmauzo nayo ingetupwa nje.

Ukiona uandishi huo ni mrefu, pg_tables inatosha kwa matumizi mengi. Ina schemaname, tablename na tableowner, nayo haichuji kwa ruhusa. Kumbuka tu kwamba yote haya yanaishia ndani ya kanzidata uliyounganishwa nayo. Kama tawi lingine lina kanzidata yake kwenye seva hiyohiyo, itabidi uingie huko kwa \c na kuuliza upya.

Kwa walioulizia mifumo mingine: MySQL skima na kanzidata ni kitu kimoja, kwa hiyo SHOW TABLES FROM temeke inamaliza. Oracle kila skima ni ya mtumiaji. Tazama safu ya OWNER kwenye ALL_TABLES, au DBA_TABLES kama una cheo hicho, na majina yaandike kwa herufi kubwa.

Sasa kabla hujahamisha chochote, mkuu, endesha hii. Skima za matawi huwa zinaanza zikiwa sawa, kisha mtu anaongeza jedwali tawi moja na kusahau mengine:

SELECT tablename, string_agg(schemaname, ', ' ORDER BY schemaname) AS lipo
FROM pg_tables
WHERE schemaname IN ('ilala','temeke','kinondoni')
GROUP BY tablename
HAVING count(*) < 3;

Ikirudi tupu, matawi yote yana majedwali yaleyale. Ikileta kitu, bandika matokeo hapa pamoja na toleo la Postgres unalotumia, tuangalie kipi ni cha kweli na kipi ni masalia ya majaribio ya mtu.