Kwangu inapita, kwa mwenzangu inakwama

SWALI: Nimeandika programu-jalizi ya Maven (zana ya kujenga miradi ya Java) inayosoma faili za YAML (maandishi ya data na mipangilio) na kuzalisha msimbo wa Java. Majaribio yangu ya kila kipande yanapita yote. Mwenzangu alipoiweka kwenye mradi wake, ujenzi ulikatika hapohapo na kutoa NoClassDefFoundError, yaani kuna darasa la Java lililokosekana. Kwangu kosa hilo sijaliona hata mara moja. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia pom.xml, faili ya mipangilio ya programu-jalizi yako, kwenye maktaba inayosoma YAML. Nashuku umeiwekea scope (upeo wa matumizi) ya test. Majaribio yako yanaiona, lakini Maven haimpelekei mtumiaji kitu kilichotengwa kwa ajili ya majaribio. Iondoe scope hiyo, mwenzako aendelee na kazi.

Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba hakuna jaribio lako linalopita njia anayopita yeye: anaandika mvn, Maven inasoma pom.xml yake, inaitafuta programu-jalizi, inaipa vigezo, ndipo inaiendesha. Wewe unaliita darasa moja kwa moja. Tumia Maven Invoker Plugin. Chini ya src/it weka miradi midogo kabisa. Invoker itaendesha Maven halisi juu ya kila mmoja, kisha skripti yako ya verify.groovy ikague kilichotoka. Wanaotumia Gradle, zana nyingine ya ujenzi, wana TestKit kwa kazi hiyo.

Ipe Invoker hazina yake ya maktaba, tafadhali, isiguse ~/.m2 yako, folda ambamo Maven huhifadhi maktaba. Mimi nilipoteza siku mbili hapo. Nilifuta mstari mmoja muhimu kwa makusudi, jaribio likapita vilevile! Kumbe lilikuwa linachukua jar (kifurushi cha msimbo uliokompailiwa) niliyoiweka humo wiki kadhaa nyuma. Msimbo mpya haukuguswa kabisa. Tangu hapo kila jaribio jipya nalivunja kwanza nilione likianguka.

Halafu endesha ujenzi mara mbili, kwa mipangilio ya Invoker iitwayo invoker.goals.1 na invoker.goals.2. Tangu Stuart Feldman alipoandika zana ya ujenzi ya Make mwaka 1976, tunategemea zana hizi zisirudie kazi iliyokwisha; mara ya pili programu-jalizi yako isiandike upya faili hata moja. Ukilinganisha saa za faili, angalia: mfumo wa faili wa FAT huhesabu saa za kuandikwa kwa hatua za sekunde 2, hivyo badiliko la harakaharaka huweza kupita bila kuonekana.

Mwisho futa YAML moja, ujenge tena bila clean, yaani bila kufuta kwanza matokeo ya ujenzi uliopita. Kama Java iliyozaliwa nayo bado ipo na inakompailiwa, hapo una kosa la pili, na mwenzako hajalifikia bado.