Jibu: Galaksi za ndani na nje ya makundi zinalingana kwenye z 0.8

Habari ndugu. Unauliza kwa nini, kwenye z 0.8 (z ni kipimo cha jinsi nuru ya galaksi ilivyovutwa kuelekea nyekundu, kinachoonyesha umbali wake), asilimia ya galaksi zilizoacha kuzaa nyota ni ile ile ndani na nje ya makundi yako ya galaksi. Anza kukagua z zenyewe. Kama zimekadiriwa kwa rangi tu, hata kosa dogo la 0.01(1+z) ni sawa na kilomita 3,000 kwa sekunde, ilhali galaksi za kundi moja hupishana kwa mia chache tu. Kundi lako limejaa wapita njia, yaani galaksi zilizo mbele au nyuma yake tu, ndiyo maana tofauti imefifia. Tumia z za spektra, yaani zilizopimwa kwa kuitawanya nuru ya galaksi. zCOSMOS, mradi wa kupima spektra za galaksi, inazo, ila inaishia mwangaza wa magnitudi 22.5 (namba ikizidi, galaksi ni hafifu zaidi), kwa hiyo galaksi ndogo zilizozimika hazimo.

Kisha linganisha zenye tungamo sawa la nyota, maana nzito huelekea kuzimika popote. Na rangi moja haitoshi, vumbi hudanganya, hufanya galaksi inayozaa nyota ionekane nyekundu kama iliyozimika: tumia rangi mbili, U−V (urujuanimno dhidi ya nuru ionekanayo) pamoja na V−J (nuru ionekanayo dhidi ya infraredi).