Kutyuni chini gitaa lenye tremolo inayoelea

Tremolo inayoelea, yaani daraja la gitaa linalocheza mbele na nyuma, ile ya aina ya Floyd Rose, haigombani na noti za chini. Inachokataa ni kubadilishwa kila siku. Daraja lake linavutwa na nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili, na hutulia pale tu nguvu hizo zinapolingana. Ukilegeza nyuzi zilezile ili ushuke, springi zinashinda, daraja linazama kwa nyuma, nyuzi zinalalia freti na kukwaruza. Kwa hiyo chagua tyuning moja, uliandae gitaa kwa hiyo tu. Anayetaka E (tyuning ya kawaida) sasa na drop D (uzi wa sita tu umeshushwa toni nzima hadi D) baadaye anahitaji gitaa lenye daraja lisilocheza, kwa sababu hapa ukishusha uzi wa sita peke yake, zile tano nyingine zinapanda.

Jambo kubwa ni unene wa nyuzi. Kila nusu toni unayoshuka huondoa takriban asilimia 11 ya mvutano. Toni nzima huondoa asilimia 21 hivi, na kutoka E hadi C asilimia 37. Nyuzi nene ndizo zinazorudisha kilichopotea. Gitaa la skeli (urefu wa uzi unaotetema) ya inchi 25.5 lililozoea seti ya 10-46 (unene wa uzi mwembamba na mnene zaidi, kwa elfu za inchi) katika E litajisikia karibu vilevile kwa 11-49 katika D. Ukishuka hadi C, anzia 12-56. Kubaki na nyuzi nyembamba na kulegeza springi inawezekana, ila uzi wa sita utayumba na noti itapinda kila ukipiga kwa nguvu.

Kabla ya kutoa nyuzi, weka kabari ya mbao laini iliyofungwa kitambaa chini ya mkia wa daraja, nene kiasi cha kulifanya liwe sambamba na mwili wa gitaa. Legeza vibano vya shingoni, vile vinavyofunga nyuzi juu ya shingo, kwa alenki ya milimita 3 na weka skrubu ndogo za kutyuni zilizo kwenye daraja katikati ya safari yake. Kwa daraja la aina hii, kata kitufe cha mwisho wa uzi kabla ya kuubana. Tyuni hadi noti zako zote zikae.

Sasa kabari yenyewe inakupa jibu. Ikiwa imebanwa haitoki, springi zimezidi: fungua kifuniko cha nyuma na ulegeze skrubu mbili zinazoshika springi, robo mzunguko kila upande, mpaka kabari iteleze yenyewe. Ikiwa daraja limenyanyuka na kuiacha, nyuzi zimezidi, basi kaza. Skrubu zikikaribia kuchomoka, toa springi moja. Zikifika mwisho wa kuingia, ongeza moja. Toa kabari, tyuni tena mizunguko miwili au mitatu, maana kila uzi unaougusa unasogeza wenzake kidogo.

Usiguse zile nguzo mbili za mbele nyuzi zikiwa zimekaza. Makali ya daraja yanayoegemea hapo huchubuka, na makali yakishachubuka gitaa halirudi kwenye noti tena, hata ufanye nini.

Shingo nayo huitikia mvutano mpya. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho. Nafasi karibu na freti ya 7 iwe milimita 0.2 hadi 0.3. Ikikosekana, legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, kisha upime upya.

Kwa intonesheni, yaani noti kuwa sahihi kwenye shingo nzima, linganisha hamoniki ya freti ya 12 (noti inayotoka ukigusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kitako cha uzi, kile kinachoubeba kwenye daraja, lakini legeza uzi kwanza, la sivyo uzi utakivuta mbele mara tu skrubu inapoachia.

Mwisho bana vibano vya shingoni. Noti zikipanda kila unapobana, shusha upau ulio nyuma yake: uzi unatakiwa uwe umeshalala chini kabisa kabla kibano hakijaugusa.