Draga hainyonyi? Msikimbilie injini kubwa

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Tuna draga ndogo, mashine inayoelea na kunyonya mchanga wa dhahabu chini ya mto, kwenye mto Ulindi, Shabunda, mashariki mwa Kongo. Injini ni ya HP 6.5, pampu ya inchi 3 inasukuma maji kwenye jeti (shingo ambamo maji ya kasi huvuta mchanga kupitia mpira), na mpira wa kunyonyea ni wa inchi 4. Kwenye kina cha mita moja ilikuwa inakula vizuri. Sasa tumefika mita nne: mara inaleta maji matupu, mara mawe yanakwama. Mwalo, yaani mfereji wa kuoshea mchanga na kunasa dhahabu, tumeuinua futi tatu juu ya maji ili uteremke zaidi. Fundi ameitoa pete ya mdomoni na anasema tufunge injini ya HP 13. Mwingine anasema dhahabu ndogondogo zinatupita, tumwage zebaki mwaloni. Je, tununue hiyo injini?

JIBU: Msinunue.

Hiyo HP 13 mkiifunga kwenye pampu hiyohiyo, ikazunguka mizunguko ileile 3,600 kwa dakika, itawatolea maji yaleyale. Pampu haijui injini iliyo nyuma yake ina nguvu kiasi gani. Inachojua ni ukubwa wa impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, na kasi yake ya kuzunguka. Kama injini yenu ya sasa inafikisha mizunguko yake bila kulemewa, nguvu mtakayoongeza itakaa bure na mtailipia petroli.

Vishoka wengi wanaligundua hilo siku ya pili, mteja anaporudi na malalamiko. Hapo ndipo wanapochukua waya na kuifunga gavana, kidhibiti cha mizunguko, ili injini ipige kelele zaidi. Sawa, maji yataongezeka, lakini tazameni bei yake: mkiongeza mizunguko kwa asilimia 20, maji yanaongezeka asilimia 20, presha asilimia 44, na nguvu inayodaiwa kwenye shafti asilimia 73. Injini inachemka, sili ya pampu inakwisha, na siku moja konrodi, mkono wa pistoni, inatokea ubavuni mwa injini. Fundi aliyefunga ule waya siku hiyo hapatikani kwenye simu.

Lakini linalonichosha kuliko yote ni hii imani kwamba kina ndicho kilichoishinda mashine. Watu wanahesabu mita kutoka chini ya mto hadi juu kana kwamba wanateka maji kisimani. Draga haiko hivyo. Mpira wenu umezama: ndani una maji na nje una maji, na yale ya nje yanayasukuma juu yale ya ndani mpaka usawa wa mto bila msaada wa injini. Mzigo wa jeti chini ya usawa huo ni msuguano wa mpira na ule uzito ambao mchanga na mawe yameuongeza. Tuupime. Mchanganyiko ambao sehemu moja ya kumi ya ujazo wake ni mchanga na mawe unazidi maji kwa uzito kwa asilimia 16 hivi. Kwa mita zenu nne, ziada hiyo ni sawa na kunyanyua maji sentimita 65 tu.

Sasa geukieni mwalo. Futi tatu ni sentimita 90, na hapo juu ya maji hakuna mto wa kuwasaidia. Kila sentimita mnainyanyua wenyewe, pamoja na mchanga wake, na hesabu inapita mita moja ya maji. Yaani huo mwinuko mlioujenga kwa mbao na misumari unawala nguvu kuliko kina chote cha mita nne. Na nadhani, ingawa hamkuandika, kwamba mwalo mliuinua wiki ileile mliyoanza kushuka chini zaidi, ndiyo maana kina kikabebeshwa lawama.

Ushusheni. Kichwa cha mwalo kikae chini kadiri kichanja, jukwaa linaloelea lililobeba mashine, kitakavyoruhusu, alimradi mkia usizame. Mteremko wa inchi moja kwa kila futi ya urefu unatosha kuanzia, kisha mnarekebisha kwa kuangalia. Mkihitaji kuuzidisha, shusheni mkia kabla hamjafikiria kuinua kichwa.

Pete irudishwe leo. Ile pete inayobana mdomo wa mpira haikuwekwa na watengenezaji kwa ubahili. Inahakikisha kwamba jiwe lililoweza kuingia litaweza pia kutoka. Mkiiondoa, jiwe lenye upana sawa na mpira linaingia kwa raha, linafika kwenye kona au kwenye shingo ya jeti, linakaa. Nyuma yake kunajaa changarawe. Kisha mnagonga mpira kwa nyundo nusu siku na kusema mashine haina pumzi.

Yale maji matupu yana sababu mbili ambazo hamtaziona kwenye injini. Ya kwanza ni mzamiaji. Kwenye mita nne za maji ya tope haoni kitu, kwa hiyo ama anaushika mdomo mbali na mchanga, ama anauzika kabisa mpaka hakuna maji ya kubeba mzigo. Mdomo unatakiwa ule pembeni ya shimo, maji na mchanga vikiingia pamoja. Ya pili ni hewa upande wa kunyonya wa pampu. Pampu ikiwa inafanya kazi, mwagieni maji kila kiungo taratibu, kimoja baada ya kingine. Mkisikia mlio wake unabadilika, hapo ndipo panapovuta hewa. Angalieni pia chujio la pampu limekaa wapi. Nimeona vichanja ambavyo chujio linaning'inia karibu kabisa na mkia wa mwalo, likinywa povu na mchanga uliotoka kuoshwa dakika hiyohiyo. Mchanga huo unakwangua tundu la jeti, tundu likipanuka presha inashuka, na hakuna injini itakayoziba tundu lililolika. Lipelekeni chujio upande maji yanakotoka, lining'inie katikati ya maji, lisiguse chini.

Na asije mtu akawauzia mpira wa inchi 6 kwa pampu hiyo. Eneo la tundu lake ni mara mbili na robo ya lile la inchi 4. Kwa maji yaleyale, kasi inashuka chini ya nusu, na mawe yatalala humo ndani.

Nakuja kwenye zebaki, maana ndiyo inayofuata kila mara baada ya ushauri wa injini kubwa, na mara nyingi anayeuza ni mtu yuleyule. Mlolongo ni huu: maji yanazidishwa, mteremko wa mwalo unazidishwa kupita kiasi, dhahabu laini inashindwa kutulia kwenye zulia, halafu anakuja mtaalamu na kichupa. Dhahabu ni nzito mara 19 ya maji, mawe ya kawaida hayafiki mara tatu. Mkiipa mtiririko wa kiasi itashuka yenyewe. Tazameni mchanga mweusi. Ukikusanyika kwenye vizuizi vya mwanzo, mwalo unafanya kazi. Ukienea mpaka mkiani, maji yana kasi mno. Osheni mchanga wa mkiani kwenye karai mjue mnapoteza nini. Zebaki ikimwagwa kwenye maji yanayokimbia inapondeka kuwa chembe ndogo sana, zinajipaka uchafu, haziungani tena, zinateremka na mto zikiwa zimebeba dhahabu ileile mliyotaka kuiokoa. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017, unataka kukomeshwa kwa kuchanganya zebaki na mzigo wote ambao haujapunguzwa kwa kuoshwa, na mwalo uliomwagiwa zebaki ni hivyohivyo. Huko chini watu wanavua samaki.

Hamkuniuliza kuhusu kompresa inayompelekea mzamiaji hewa, lakini nitasema, kwa sababu kila anayeongeza injini anaongeza moshi kwenye kichanja kilekile. Mdomo wa kompresa unaovuta hewa ukikaa karibu na ekzosi, unavuta hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu na kuipeleka moja kwa moja kinywani mwa mtu aliye chini ya mita nne za maji. Mara nyingi hapati dalili ya kumfanya apande. Analegea tu, na wenzake juu wanadhani bado anachimba. Upelekeni mdomo wa kompresa juu na mbali kwa bomba, upande upepo unakotoka, na upepo ukigeuka mzamiaji atolewe kwanza, ndipo bomba lihamishwe.