Darubini ya babu

SWALI: Shikamoo, mzee. Babu yangu, aliyekuwa baharia, ameniachia darubini ya macho mawili inayoenea kiganjani. Imeandikwa 6x15 na "Made in Occupied Japan". Ina thamani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, usiisugue! Wengi wameondoa rangi nyeusi ya asili kwa kutaka ing'ae. Hiyo 6 ni ukuzaji. 15 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Maandishi hayo yanakupa umri: Japani ilikaliwa na majeshi ya kigeni kuanzia 1945 hadi Aprili 1952. Tafuta jina Mikron, aina ya darubini ndogo kama hiyo. Kampuni ya Nippon Kogaku, ndiyo Nikon ya leo, ilizitoa kwanza 1921, ikazirudisha 1948. Darubini za Japani za miaka ya baadaye mara nyingi zina herufi JB na namba, alama ya kiwanda kilichotengeneza kiwiliwili.

Kisha mulika tochi kupitia lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, balaa la sisi wa pwani. Yangu iliharibika hivyo ndani ya mfuko wake wa ngozi, nami nikidhani naitunza! Tazama pia taa ya mbali. Ikionekana mbili, prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani, zimehama, usifungue mwenyewe.