Maswali na Majibu: Sekstanti ya mfukoni

SWALI: Ndani ya kasha la marehemu babu, aliyekuwa nahodha, tumekuta kidude cha shaba cha duara, kinaenea kiganjani. Kina vioo viwili ndani, lenzi ndogo juu na namba 0 hadi 140. Ni dira? Nikisugue kwa ndimu na majivu? Na bado chaweza kufanya kazi? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

JIBU: Si dira. Ni sekstanti ya kisanduku, ya kupimia pembe baina ya vitu viwili. Wapimaji ardhi na wanajeshi waliipenda kuliko mabaharia, hivyo babu alikuwa na kitu adimu chomboni.

Ndimu weka mbali kabisa. Asidi yake huondoa vanishi na kula mistari myembamba ya kipimo, majivu hukwaruza. Futa kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kutu ya kijani itoe kwa kijiti cha mti chenye tone la mafuta ya cherehani. Mgongo wa vioo usiuguse: chumvi ya pwani huingia chini ya fedha na kuibambua, nawe ukifuta unamalizia kazi yake.

Kabla ya kupima, weka sifuri, kisha tazama mlingoti ulio mbali, nusu kilomita au zaidi. Ukiona milingoti miwili, zungusha kishikizo hadi iungane, usome pembe: hiyo ndiyo hitilafu. Ikiwa upande wa namba, itoe katika kila kipimo. Ikiwa nyuma ya sifuri, iongeze. Usitumie kitu cha karibu. Vioo vimeachana kama sentimita 3, na kwa mlingoti ulio mita 20 utapata hitilafu ya uongo ya dakika 5 hivi za pembe (dakika 60 ni nyuzi moja). Hitilafu ndogo iache, ihesabu tu. Ule ufunguo mdogo wa kurekebishia vioo, ukizungushwa ovyo, huharibu zaidi.

Kufanya kazi, kinaweza. Ufukweni mwa mji wa Lamu, kisiwa cha Manda kimeziba upeo wa bahari, basi nenda ufuo wa Shela, na mwezi wa Desemba, maana Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, upande wa nchi kavu. Teremsha vioo vyeusi kwanza, macho hayana akiba. Anza saa sita kamili. Jua hufika kileleni kama saa sita na robo. Gusisha ukingo wa chini wa jua na upeo, ukifuata hadi liache kupanda. Tuseme tarehe 21 umesoma nyuzi 68 na dakika 37, hitilafu hakuna, jicho mita 2 juu ya maji. Ongeza dakika 13 (nusu ya upana wa jua, ukiondoa mshuko wa upeo, unaotokana na jicho kuwa juu ya maji, na mpindo wa mwanga hewani): 68°50′. Toa katika 90, upate 21°10′. Mteremko wa jua, yaani pembe yake kutoka ikweta, siku hiyo ni 23°26′ kusini. Toa 21°10′, inabaki 2°16′ kusini, ndiyo latitudo ya Lamu. Ukikosea dakika moja umehama kama mita 1,850.

SWALI: Malindi nauziwa sekstanti iliyochorwa “Kelvin & Hughes London 1917”. Ni ya kale kweli? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Hapana. Jina hilo la kampuni lilizaliwa baada ya miungano ya miaka ya 1940, kwa hiyo 1917 haiwezekani. Ukiipenda kama pambo, lipa bei ya pambo. Na hata isiyo na maandishi, ijaribu: simama mahali wazi, chagua vitu vinne vya mbali vilivyo usawa mmoja kukuzunguka, upime pembe kati yao. Jumla ikiachana na 360° kwa nyuzi nzima, mrudishie mwenyewe.